Rovu na Kipimo cha Damu

Rovu ni uvimbe wa mbele ya shingo, chini ya koromeo. Zamani, katika nyanda za juu za Kusini kama Mbeya, Iringa na Rukwa, watu wengi walikuwa nalo. Wengine walisema wamerogwa. Wengine walisema ni kwa sababu ya kubeba mizigo kichwani. Sababu kubwa ni nyingine. Mvua za milimani huosha udongo na kuchukua madini joto. Mazao ya udongo huo hukosa madini joto, na wanaokula mazao hayo huyakosa pia. Ndiyo maana siku hizi chumvi hutiwa madini joto.

Kinachovimba ni tezi. Kila mtu anayo, hata asiye na rovu. Umbo lake ni kama kipepeo. Tezi hii huchukua madini joto katika damu na kutengeneza homoni. Homoni husafiri katika damu na kuuambia mwili ufanye kazi upesi au polepole.

Homoni ikipungua, mtu huchoka na kusikia baridi wakati wenzake hawasikii. Huongezeka uzito, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, na hedhi huweza kuvurugika. Homoni ikizidi, moyo huenda mbio na mikono hutetemeka. Mtu hutoka jasho, hukonda ingawa anakula vizuri.

Lakini macho peke yake hayatoshi. Mwenye rovu kubwa anaweza kuwa na homoni ya kutosha. Mwenye shingo nyembamba anaweza kuwa na upungufu. Mama anayechoka kila siku huambiwa ni uzee, au ni mvivu, na kumbe ni mgonjwa. Ni lazima damu ipimwe.

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere. Hii ni msimamizi wa tezi ya shingo. Mfikirie mama anayemtuma mtoto kuleta maji. Mtoto akichelewa, mama hupaza sauti. Maji yakizidi mtungi, mama hunyamaza. Tezi ya ubongoni hufanya vivyo hivyo. Sauti yake ni homoni inayoandikwa T.S.H. katika cheti cha maabara. Maji ni homoni ya tezi ya shingo, nayo huandikwa T4.

Sasa tunaweza kusoma cheti. Kwa kawaida, T.S.H. ikiwa juu na T4 ikiwa chini, tezi ya shingo inafanya kazi kidogo mno. Msimamizi anapiga kelele, wala maji hayaji. Mganga ndiye atakayesema maana kamili, kwa kuwa mimba na dawa nyingine hubadili vipimo. Mwambie kama una mimba, na mwonyeshe dawa zote unazotumia.

Damu inayochukuliwa mkononi ni kidogo, kama kijiko kimoja cha chai. Haimdhoofishi mtu. Zahanati nyingi hazina mashine ya kipimo hiki. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa.

Mwenye upungufu hupewa vidonge vya levothairoksini. Humeza asubuhi kwa maji, kabla ya kula. Baada ya wiki 6 hadi 8 damu hupimwa tena, ili mganga aone kama dawa inatosha. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakipata nafuu, huacha vidonge. Nafuu ile imeletwa na vidonge. Wengine huongeza chumvi katika mboga wakidhani ni dawa. Chumvi nyingi huleta shinikizo la damu tu.

Mama mjamzito asichelewe hata kidogo. Katika miezi ya kwanza mtoto aliye tumboni hawezi kujitengenezea homoni hii. Hutegemea ya mama yake. Ikipungua sana, ubongo wa mtoto haukui sawasawa, na kasoro hiyo huweza kubaki maisha yote. Mama anayetumia vidonge akishika mimba, asiviache. Aende kliniki mara moja, kwani mara nyingi huhitaji kuongezewa.

Maswali

1. Kwa nini mwenye rovu na asiye na rovu wote wanaweza kuhitaji kupimwa damu?
2. Cheti cha mtu mmoja kinaonyesha T.S.H. chini na T4 juu. Je, mama ananyamaza au anapaza sauti? Tezi ya shingo inafanya kazi kidogo au nyingi?