Mama Mjamzito na Kilo Zake

Somo letu la leo linahusu neno linalosemwa sana jikoni huku Kitui na Makueni. Mimba ikifika mwezi wa saba, mama anaambiwa, "Punguza chakula, mtoto akiwa mkubwa utapasuliwa." Basi anaanza kula nusu sahani, na huku bado anabeba mtungi wa lita 20 kutoka mtoni na kwenda mwethya kuchimba mitaro ya fanya juu.

Tuseme wazi: kujinyima hakurahisishi uzazi. Mtoto aliyekosa chakula tumboni anaweza kuzaliwa chini ya kilo 2.5, na mtoto kama huyo hushikwa na baridi na magonjwa upesi. Mama naye anafika siku ya kuzaa bila nguvu wala damu ya kutosha. Uzazi mgumu mara nyingi una sababu zake: nyonga nyembamba, mtoto kulala vibaya, ugonjwa wa sukari. Hayo yanatafutwa kliniki, hayatibiwi kwa njaa.

Mama mwenye mwili wa kadiri anatazamiwa kuongeza kilo 11.5 hadi 16 mimba nzima. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni mafuta matupu. Sivyo. Mtoto ni kama kilo 3. Kondo la nyuma, maji anamokaa mtoto, tumbo la uzazi na matiti ni kilo 3 nyingine hivi. Damu ya mama inaongezeka kilo moja na zaidi. Inayobaki ni maji ya mwilini na akiba ya kunyonyesha.

Miezi mitatu ya kwanza, wakati wa kutapika, kilo haziongezeki sana, usiogope. Baadaye ni karibu nusu kilo kwa wiki. Mama mwembamba anahitaji zaidi. Mkono ukipimwa kwa utepe ukawa chini ya sentimita 23, chakula hakimtoshi. Mama mnene anahitaji kilo chache, 7 hadi 11 hivi, lakini asijaribu kukonda akiwa na mimba. Apunguze soda, mandazi na sukari ya chai. Asipunguze ndengu!

Kuna kilo nyingine za hatari. Uzito ukiruka ghafla, uso na mikono ikavimba, kichwa kikauma sana, macho yakaona ukungu, huko si kunenepa. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu chakula, muthokoi mtupu unashibisha tu; ukitiwa kunde, mbaazi au ndengu ndipo unajenga mwili. Majani ya kunde yanasaidia damu, hasa ukila na chungwa au embe. Chai inazuia, kwa hiyo ingoje saa moja baada ya kula. Vidonge vya kuongeza damu umeze kila siku, hata choo kikiwa cheusi. Na anayetamani udongo aseme kliniki, huenda damu imepungua.

Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mama aonwe mara 8, ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Wengi wetu tunaanza mwezi wa tano au wa sita. Bila uzito wa mwanzo, muuguzi atajuaje umeongeza ngapi?

Tunajua mwezi wa kumi ghala huwa tupu, na ukame wa 2020 hadi 2022 hatujausahau. Lakini hata chakula kikiwa kidogo kinagawanywa, na mgawaji ni mtu. Wababa, somo hili ni lenu pia. Punda anaweza kupelekwa mtoni na mwanamume.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Kwenu, chakula kikipungua, sahani ya nani inapunguzwa kwanza?
2. Mama akifika mwezi wa saba, nani atamchotea maji, na siku zipi?