Bafu la Zamani na Mtego wa Maji

Mwenye nyumba atakapo kulifanya la kisasa bafu dogo la zamani, aghalabu huanza na vitu vionekanavyo: vigae, sinki, rangi na feni ya kutoa mvuke. Ni nadra kukagua kilichofichwa chini ya sakafu, ijapokuwa hapo ndipo afya ya jamaa wa nyumba hulindwa.

Kila tundu lipelekalo maji machafu nje hupaswa kuwa na mtego wa maji, yaani kipande cha bomba kilichopindwa chini kisha juu. Maji yanapopita, kiasi hubaki katika pindo hilo na kuliziba. Maji mengine yaweza kupita, lakini hewa ya bomba, yenye uvundo na pengine vijidudu vya maradhi, haiwezi kurudi chumbani. Mwaka 1775 Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa wa London, alipewa hataza ya choo chenye bomba la umbo la herufi S. Vyombo vimebadilika, kanuni ni ile ile.

Mtego hushindwa kwa njia kuu mbili. Kwanza, maji yake hukauka yasipoongezwa kwa muda mrefu. Pili, maji mengi yateremkapo kwa kasi, kanieneo ya hewa nyuma yake hupungua. Ndipo kanieneo ya hewa ya chumbani husukuma maji ya mtego yakayafuata. Kwa sababu hiyo huwekwa bomba la hewa lipandalo hadi juu ya paa.

Hatari hii ilidhihirika Hong Kong mwaka 2003, katika majumba ya ghorofa ya Amoy Gardens, ambako wakazi zaidi ya 300 waliugua SARS. Wachunguzi waligundua kwamba mitego mingi ya sakafuni ilikuwa mikavu, kwani sakafu zilipanguswa tu bila kumwagiwa maji. Mabafu yalikuwa madogo. Feni ilipowashwa na mlango kufungwa, hewa ya chumbani ilitoka, na ile ya bomba ikavutwa ndani. Walihitimisha kuwa yamkini njia hiyo ilisaidia kueneza ugonjwa. Feni, chombo cha kisasa, ilikuwa imeongeza hatari iliyoletwa na mtego mkavu.

Hivyo utaratibu wa kazi uwe huu:

1. Mitego yote ikaguliwe kabla ya kununua vigae.

2. Sakafu ielekee kwenye tundu kwa mteremko wa sentimeta 1 kwa kila sentimeta 50, ili maji ya kuoga yaujaze mtego kila siku.

3. Chini ya mlango pawe na upenyo, ili feni ivute hewa safi.

4. Tundu lisilotumika limwagiwe maji kila wiki.

Jaribio: Pindeni mpira safi unaoangaza kwa umbo la U, mtie maji hadi nusu. Pulizeni polepole upande mmoja, mtazame maji yapandavyo upande wa pili. Kisha uacheni wima, mkipima kina cha maji kila siku kwa wiki mbili.

Maswali

1. Sakafu ya bafu ina urefu wa mita 2.4, na tundu liko mwishoni. Upande wa pili uinuliwe sentimeta ngapi?

2. Kwa nini harufu mbaya husikika katika nyumba iliyofungwa muda mrefu?