Kufunga Chakula cha Mchana Kisiharibike

Mtu atokaye nyumbani alfajiri kwenda shambani, machungani au kazini mjini, naye hurudi jua limekwisha kutua, hana budi kula katikati ya siku. Asiyechukua chakula hushinda na njaa, au hutumia hotelini fedha ambazo zingenunua madaftari ya watoto. Lakini alaye chakula kilichoharibika hupata hasara kubwa zaidi, kwani huugua tumbo na kazi yake husimama.

Mambo matatu huharibu chakula: umajimaji, joto na kukaa mno. Vijidudu vya maradhi huzaana upesi katika chakula chenye umajimaji kilicho vuguvugu, yaani baina ya digrii 5 na 60 za sentigredi. Kwa hiyo wali, nyama na maharagwe yafaa viliwe kabla ya kupita muda wa saa 2 tangu kuepuliwa, na penye joto kali, muda wa saa 1.

Wali wataka uangalifu zaidi. Mbegu za vijidudu fulani hazifi sufuria ichemkapo. Wali ukiachwa mekoni usiku kucha, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na kuupasha moto asubuhi hakuiondoi sumu hiyo. Basi kiporo cha namna hii kisifungwe, hata kama chanukia vizuri.

Vyakula vifaavyo ni vile vikavu: chapati, mahamri, mahindi makavu ya kukaanga na njugu karanga. Chapati pamoja na njugu hushibisha kwa muda mrefu, kwani njugu zina mafuta na hujenga mwili. Njugu zenye ukungu zitupwe. Sumu yake haiishi kwa kukaangwa. Ndizi mbivu na machungwa yabaki katika maganda yake mpaka wakati wa kula.

Wafugaji wa Kaskazini mwa Kenya waijua kanuni hii tangu zamani. Nyama ya nyirinyiri hukatwa vipande vidogo, hukaushwa, hukaangwa, kisha huwekwa katika mafuta. Kwa kuwa umajimaji umeondoka, nyama hiyo hudumu safarini siku nyingi.

Wakati wa kufunga, mikono ioshwe kwa sabuni. Chapati zipoe kwanza, kwa maana mvuke uliofunikwa hugeuka maji. Kisha zifungwe katika kitambaa safi na kikavu, na kikapu kiwekwe kivulini.

Apendaye githeri na atumie chupa ya themosi yenye mdomo mpana. Chupa ijazwe maji yanayochemka kwa dakika chache, yamwagwe, na githeri itiwe papo hapo ingali ikichemka. Kifuniko kikazwe, kisifunguliwe mpaka saa ya kula. Mchana githeri ikikutwa vuguvugu tu, isiliwe. Heri kupoteza sahani moja ya chakula kuliko kupoteza afya.