Programu ya bure ya kuhariri video ya ntheo

Swali: Nilirekodi kwa simu ntheo ya dada yangu (sherehe ya Kikamba ya kupeleka mbuzi wa ndoa) kule Mwingi. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 tu. Nihariri kwa programu gani ya bure isiyobandika nembo? – Msomaji, Wote

Jibu: Pakua Shotcut. Haina malipo wala nembo, na ukishaiweka haihitaji bando. DaVinci Resolve ya bure ina uwezo zaidi, ila kwa RAM hiyo itakwama. Ndani ya Shotcut, fungua Settings, uwashe Proxy: utahariri nakala nyepesi, na filamu itatoka kwa ubora wa video halisi. Unapokata picha za mbuzi wakiingia langoni, sekunde kumi zatosha. Maneno ya wazee usiyakatize. Video asili usizifute kabla filamu haijakamilika.