Pakanga na Dawa ya Mseto: Mimea Miwili, Jina Moja

Kwa familia inayoishi miinukoni mwa Tarime, kama vile katani Nyanungu, homa ya mtoto ikipanda usiku wa manane, majani ya uani huwa karibu kuliko zahanati. Miongoni mwa majani yanayosifiwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ni pakanga, ambayo wataalamu huiita Artemisia afra. Ni kichaka kisichopukutisha majani, cha jamii moja na alizeti, ingawa asiyeambiwa hawezi kulidhani hilo. Vichwa vya maua yake ni vidogo, vya manjano hafifu, tena vimeinama. Havina petali za kuvutia nyuki, kwa kuwa chavua yake huchukuliwa na upepo. Majani yana rangi ya kijivu-fedha na ni machungu mno.

Pakanga ina ndugu wa asili ya Asia, Artemisia annua, anayeishi mwaka mmoja tu. Kutokana na ndugu huyo, mwaka 1972, Tu Youyou na wenzake nchini China walipata artemisinini, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa ya mseto, ALu, ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006, hutokana na kiini hicho. Mwaka 2020, kinywaji cha artemisia kilipoletwa nchini kutoka Madagascar kwa ajili ya UVIKO-19, jina hilo lilienea midomoni mwa watu, wala si kila aliyelitamka alijua kwamba mimea ni miwili.

Tofauti yake ni ya uhai. Pakanga haina artemisinini, au inayo kwa kiasi kidogo kisichotibu. Hata chai ya yule ndugu wa Asia haiaminiki: artemisinini huyeyuka kwa shida katika maji, kiasi chake hubadilika jani kwa jani, na hutoka mwilini baada ya saa chache. Ndiyo maana ALu huunganisha dawa mbili. Artemetha hupunguza vimelea upesi, kisha lumefantrini, inayokaa mwilini kwa siku kadhaa, huwamaliza waliosalia. Dozi ni sita kwa siku tatu, nazo humezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta.

Chai isiyofikia kiwango huweza kuacha vimelea hai na kuwazoesha dawa. Usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini umekwisha kuthibitishwa mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Viktoria kutoka Mara. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba haliungi mkono matumizi ya artemisia isiyotengenezwa kuwa dawa rasmi, iwe kwa kutibu au kukinga malaria.

Pakanga nayo si maji matupu. Mafuta yake yana thujoni, ambayo ikizidi huleta degedege. Mjamzito na mwenye kifafa waiepuke kabisa.

Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, hakuna kusubiri kuche. Naye mhudumu aulize kwa upole kilichonyweshwa na tangu lini, kwani mama anayeogopa kukaripiwa huficha siku ambayo homa ilianza, na siku hiyo ndiyo anayoihitaji daktari.