Cheni Hii ni ya Msumeno Gani?



Wengi wenu mnapasua mbao za mukima, na vikundi kadhaa hapa Meru na Embu vina misumeno ya injini miwili mitatu, ile tunayoiita pawa soo, kila mmoja wa aina yake. Kikundi kimoja upande wa Runyenjes kilinunua cheni sita kwa mpigo maana bei ilikuwa nzuri. Mbili tu ndizo zilizofaa. Pesa ilikuwa ya mchango wa akina mama, basi maneno yakaanza. Hakuna aliyekula pesa. Ni vipimo havikuangaliwa.

Cheni ina vipimo vitatu.

Kwanza, nafasi ya pini. Chukua rula, pima toka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya tatu. Ukipata kama milimita 16 na nusu, hiyo ni cheni ya .325. Ikiwa 18 na nusu hivi, ni 3/8. Ikikaribia 20 na nusu ni .404, ya misumeno mikubwa. Nafasi hii lazima ilingane na sproketi, lile gurudumu dogo lenye meno linalozungusha cheni, na pia kigurudumu cha ncha ya baa kama kipo. Hapa hakuna mambo ya "karibu sawa". Cheni itarukaruka, itakula meno ya sproketi, na inaweza kukatika mtu akiwa ameshika mashine.

Pili, unene wa meno ya chini yanayoingia katika mfereji wa baa: mara nyingi milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Cheni nene ikikataa kuingia mfereji mwembamba, hiyo si shida, utaona mara moja. Mbaya ni nyembamba kwenye mfereji mpana. Inaingia, mnafurahi, halafu inalala upande na ubao unatoka umepinda. Mnunuzi akiukataa, mnamlaumu kijana wa mashine bure.

Tatu, hesabu ya hayo meno ya chini. Hesabuni moja moja. Baa mbili za urefu sawa zaweza kutaka idadi tofauti.

Baa nayo haihami ovyo. Mkia wake lazima ukae sawasawa kwenye bolti, na tundu la oili likutane na la mashine, la sivyo baa itaungua.

Je, misumeno yote inaweza kutumia cheni ya aina moja? Pengine. Sproketi na baa ya msumeno mmoja zikiisha, muulizeni fundi kama kuna za kipimo cha ule mwingine zinazoukaa. Sisi tungefanya hivyo kabla ya kununua cheni nyingine yoyote. Na msifunge cheni mpya kwenye sproketi iliyolika. Ibadilisheni kila mkimaliza cheni mbili.

Kwa mkutano ujao, leteni misumeno yote na rula. Katibu aandike vipimo vya kila mmoja kwenye daftari, kisha mpake rangi: msumeno mwekundu, cheni zake nyekundu. Atakayetumwa dukani aende na daftari hilo, pamoja na cheni ya zamani mkononi.