SOMO LA KUJADILI: Chama cha Msingi na Mwanachama Aliye katika Tiba ya UKIMWI

Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kuelewa mpango wa kinga, matunzo na tiba ya UKIMWI mkoani Kagera, na mahali ambapo chama cha msingi kinaweza kuujenga au kuubomoa.

1. Historia kwa ufupi

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na virusi. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, na mashamba ya migomba na mibuni yakakosa mikono ya kuyahudumia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta kiwango cha mkoa kimeshuka hadi asilimia 6.5. Mafanikio hayo ni makubwa, lakini adui hajaondoka.

2. Nguzo tatu za mpango

Kinga: Uaminifu katika ndoa, matumizi ya kondomu, tohara ya wanaume na kupima afya ndiyo misingi yake. Mama mjamzito mwenye virusi akitumia dawa ipasavyo, hatari ya kumwambukiza mtoto hushuka hadi chini ya asilimia 5. Aliyekumbwa na hatari ya kuambukizwa hupewa dawa ya kinga, mradi afike kituoni kabla ya saa 72 kupita.

Matunzo: Haya ni ushauri nasaha, chakula bora, na uchunguzi wa kifua kikuu, maradhi yanayomnyemelea sana mwenye virusi.

Tiba: Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kuenezwa katika hospitali za Serikali mwaka 2004. Tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na virusi hustahili kuanzishiwa dawa bila kungoja augue. Dawa haziondoi virusi mwilini, hivyo humezwa kila siku, maisha yote. Zikimezwa vema, virusi hupungua hata visionekane katika kipimo cha damu. Na hali hiyo ikidumu, mtu hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Zikiachwa, virusi huzaliana upya na huweza kuwa sugu.

3. Mfano

Mkulima ametumia dawa kwa miaka mingi, ana nguvu, na hupeleka chamani kahawa safi kila msimu. Siku ya kliniki inagongana na siku ya malipo. Anaomba alipwe mapema. Karani anamuuliza sababu kwa sauti mbele ya foleni. Jioni kijiji kizima kinanong'ona. Mkulima anaona aibu, anaacha kwenda kliniki, na baada ya miezi kadhaa yu kitandani. Shamba lake limeota magugu, na mkopo wa pembejeo haujalipwa. Hospitali ilitimiza wajibu wake. Kilichomwangusha ni ulimi wa mtu mmoja, na hasara imekuwa ya chama chote.

4. Wajibu wa chama

(a) Kutunza siri. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo na inakataza unyanyapaa na ubaguzi.

(b) Kutomnyima mwanachama mkopo, kazi au haki ya kuchaguliwa kwa sababu ya afya yake.

(c) Kupanga malipo kwa siku zaidi ya moja, ili mwenye miadi hospitalini asilazimike kujieleza.

(d) Kuhakikisha kila mwanachama ameandikisha jina la mrithi wake katika daftari, ili mjane na yatima wasinyang'anywe hisa wala malipo.

(e) Kumwalika mhudumu wa afya katika mkutano mkuu, ambako wanachama wengi hukusanyika.

5. Maswali ya kujadili

Karani wa katika mfano angejibu vipi ombi la mkulima? Ni wanachama wangapi ambao bado hawajaandikisha warithi? Je, ratiba ya malipo ya chama inamruhusu mgonjwa kwenda kliniki bila kuulizwa? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na hatua za utekelezaji zipangiwe tarehe.